Mkono wa Kushoto wa Orzell Tidmore

Orzell Tidmore alipiga bugi-wugi, ule muziki wa dansi ambao mkono wa kushoto huviringisha besi, kwenye piano za vilabu vya Chicago miaka na miaka, na hata siku moja mama yake hakuingia kumsikiliza. Muziki wa shetani huo, alisema Bi Lovenia, na ukitajwa tu anajaza pamba masikioni. Jambo hilo lilimuuma Orzell kuliko njaa. Sasa mama amefariki, na kanisa limemruhusu mwanawe ampigie wimbo mmoja wa kumuaga.

"Taratibu, kaka," dada yake Ardella alimwonya kando ya jeneza. "Huo mkono wako wa kushoto haujaokoka."

"Nitaubana."

Aubane wapi! Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili, vidole vya kushoto vikaanza kuviringisha besi, kwanza kwa aibu, halafu bila haya hata chembe. Orzell akaukalia mkono. Ukachomoka. Akina mama wahudumu, na sare zao nyeupe, wakajua Roho ameshuka, basi wakawa wanarukaruka na kupiga kelele, miwani ya mmoja ikatua kwenye maua.

"Miguu isipishane!" alifoka Mchungaji Pettway, maana kanisani humo miguu isipopishana ni Roho, ikipishana ni dansi. "Dada Eula, nimekuona!"

Ndipo jeneza likagongwa kutoka ndani. Ko, ko, ko.

Mchungaji akanung'unika kwamba marehemu hakupangiwa nafasi ya kusema. Ardella akafunua kifuniko.

"Orzell," alisema Bi Lovenia, kakunja uso. "Besi inakimbia. Tangu ile baa ya Mtaa wa State inakimbia tu. Nani anakufukuza?"

"Mama! Kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Kila Jumamosi nilisimama nje dirishani, na baridi yote ile. Nilisema sisikilizi, nawe ukaamini! Mjinga wee. Haya, rudia. Polepole."

Orzell akarudia, machozi yanamdondoka mikononi. Bi Lovenia akamfuatisha kwa kugonga ubao, ko, ko, kisha akaacha.

Orzell akasubiri akosolewe. Kimya. Basi akaikimbiza besi makusudi, akaikimbiza mno, ovyo kabisa, huku akilitazama jeneza. Hakuna aliyemgombeza.