Barua Nne Kisandukuni

Ijumaa mchana, wasichana watatu walimmwagia binti wa fundi rangi nusu kopo la rangi ya mafuta kichwani, nyuma ya stoo ya shule. Rangi ilikuwa nyeupe. Kopo lilikuwa la baba yake. Alilisahau pale alipomaliza kazi ya mwanzo wa muhula. Zilibaki wiki sita kufika mtihani wa mwisho.

Binti alitembea mpaka nyumbani amejifunika sweta usoni. Wazazi wake walijaribu tapentaini, wakajaribu mafuta ya taa, wakajaribu mafuta ya kupikia. Fundi alijua tangu mwanzo kwamba wanajisumbua. Rangi ile yeye mwenyewe huisifia kwa wateja: ikishika, imeshika. Akaleta mkasi na wembe, akamkalisha binti juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kunyoa.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Wenzangu wa darasani."

"Umewakosea nini?"

Binti akacheka kidogo, na baba yake hakukipenda kicheko kile.

"Baba, Madoa ni mimi."

Wembe ukasimama hewani.

Jina hilo alilijua vizuri. Mara tatu mwaka huo shule ilimwita kupaka upya vyoo vya wasichana kabla ya wakaguzi kufika. Alikwenda Jumamosi, shule ikiwa tupu, akakuta kuta zimeandikwa juu mpaka chini, na karibu yote yalimhusu mtu mmoja. Madoa usikae hapa, utaacha alama. Anayekula na Madoa ananuka kopo. Fundi aliyasoma polepole, maana shule aliiacha darasa la tano, kisha akapitisha rola. Hakujiuliza. Mtu aliyeishi na rangi miaka ishirini na saba haisikii harufu yake tena, na doa kwake ni kitu cha kawaida kama vumbi. Sketi ya binti ilining'inia kwenye msumari mmoja na ovaroli la fundi. Begi la shule lilikuwa na matone ya kijani, viatu vilikuwa na ya kijivu. Kila mtu aliyaona isipokuwa mwenye rangi.

Tena lilikuwepo jambo baya zaidi. Jumapili moja, wamekaa mezani, alikumbuka neno la ukutani na likamchekesha.

"Watoto wa siku hizi wana midomo," aliwaambia. "Eti shuleni kwenu kuna mtu anaitwa Madoa. Akioga, beseni linageuka ndoo ya rangi."

Mkewe alicheka mpaka akapaliwa.

"Ni nani huyo?" fundi alimuuliza binti.

"Simjui, baba."

Na yeye akaendelea kula.

Sasa mkewe alisimama mlangoni, ameshika sweta lililokauka gumu kama kipande cha bati. "Mwenzangu, ulituchekesha kwa mtoto wetu."

"Na wewe ulicheka."

"Nilicheka. Wala sikatai."

Fundi akamaliza kunyoa. Jicho la kushoto la binti lilikuwa jekundu, halifunguki sawasawa. Walimpeleka zahanati, akapewa dawa ya matone.

Jumatatu fundi alivaa shati lake safi, akaenda shuleni. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti. Pembeni aliketi mwalimu wa malezi, mama mpole mwenye faili mapajani.

"Fundi, pole sana," alisema mwalimu mkuu. "Wasichana tumewahoji. Wanasema ulikuwa mchezo, ukazidi."

"Mchezo wa mwaka mzima?"

"Hayo ya mwaka mzima sisi hatuna taarifa nayo."

"Yako ukutani, mwalimu. Mmeniita mara tatu niyafute."

"Ulisoma yameandikwa jina la binti yako?"

"Yameandikwa Madoa."

"Basi hata wewe baba yake hukujua," mwalimu mkuu alisema taratibu. "Sisi tungejuaje?"

Ukuta ungekuwa shahidi, lakini fundi alikuwa ameufunika kwa mikono yake, mara mbilimbili, kazi safi isiyoonyesha kitu.

Mwalimu wa malezi akafungua faili. "Tuna utaratibu, baba. Kile kisanduku cha maoni pale koridoni mtoto anaandika bila hata jina. Tunakifungua kila Ijumaa. Binti yako hakuandika."

"Anasema aliandika. Mara nne."

"Watoto husema hivyo wakishaulizwa," akajibu yule mama, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote.

Fundi aliinuka akatoka hadi koridoni. Nao wakamfuata, wakidhani anaondoka. Kisanduku kilipigiliwa ukutani, cheupe, na maandishi mekundu: SEMA, USINYAMAZE. Alikipaka yeye, mwanzoni mwa mwaka. Aliinama akakitazama kama anavyokagua kazi ya mwenzake. Siku ile alikuwa na haraka, hakuvua kufuli. Alipaka juu yake, na juu ya mfuniko, na juu ya bawaba. Rangi ilikuwa imeganda kutoka mfuniko hadi ubao, kipande kimoja, bila ufa hata mwembamba kama unywele. Tundu la ufunguo lilikuwa limejaa rangi; mwanya wa kutumbukizia barua tu ndio ulikuwa wazi.

"Kila Ijumaa?" aliuliza.

Mwalimu wa malezi akafunga faili lake.

Fundi alitoa mfukoni kisu chake cha kukwangulia. Mwalimu mkuu akasema, "Fundi, hiyo ni mali ya shule," lakini kisu kilikwishaingia. Mfuniko uling'oka na bawaba zake. Ndani mlikuwa na maganda ya peremende, malalamiko kuhusu maharage, na barua nne zenye mwandiko anaoujua.

Alizisoma pale pale amesimama, kidole chini ya kila neno, na walimu wakalazimika kungoja. Ya kwanza ilisema jina wanalomwita. Ya pili ilitaja wasichana watatu. Ya tatu ilisema wamemwambia siku moja watampaka rangi kweli. Ya nne ilikuwa fupi: "Naomba msimwambie baba. Yeye ndiye anayefuta, na huwa anacheka."

Wasichana watatu walisimamishwa wiki mbili. Walirudi mapema, wakafanya mtihani.

Binti hakurudi. Hesabu yenyewe ni hii. Nywele alizofuga tangu darasa la tatu, zote. Jicho moja, ambalo mpaka leo linaona ukungu. Miaka kumi na moja ya shule bila cheti. Barua nne, ambazo mwalimu wa malezi alizipiga mhuri wa tarehe ya siku ile, kana kwamba zimefika asubuhi hiyo. Fundi hakuitwa tena kupaka vyoo. Kisanduku kipya kilipakwa na mtu mwingine. Ovaroli la fundi sasa linakaa nje, kwenye waya, mvua ikinyesha linalowa.

Na mezani, fundi akianza kusimulia jambo la kuchekesha, binti huchukua sahani yake akaenda kuiosha, hata kama bado ina chakula.