Madoa ya Papa Potwe

Josepha alikuwa akisugua utomvu wa tumbaku viganjani kwa majivu pale Raymundi alipoingia uani na msichana aliyevaa fulana ya mradi. Yenye picha ya papa potwe kifuani! Josepha alishaiomba mara tatu, akaambiwa zimekwisha.

"Shikamoo, shangazi. Huyu ni Ummy. Ndiye aliyepata ile nafasi ya kisiwani."

"Nafasi ipi?"

"Ya kutambua papa."

Ile aliyoahidiwa yeye tangu Pasaka. Kuku alishamwachia jirani, na begi alishanunua.

Bahari hajaiona hata siku moja. Lakini miaka thelathini ya kuchambua tumbaku za watu hapa Goweko ilimpa jicho: jani likipita tu, anakutajia daraja lake kabla hujauliza. Raymundi, mtoto wa kaka yake, anawatafiti papa potwe, wale samaki wakubwa kuliko wote, kisiwani Mafia, nao hutambuliwa kwa madoa ya ubavu wa kushoto, kila mmoja na yake. Alipokuja likizo na picha zake, shangazi alichungulia mara moja akasema, "Mbona huyu na huyu ni mmoja?" Kompyuta ilikuwa imesema ni wawili. Tangu hapo picha zikawa zinatumwa kwenye simu yake, naye anazilinganisha. Miaka minne, akilipwa sukari na ahadi.

"Wafadhili wanataka digrii, shangazi. Macho unayo, karatasi huna."

"Na ripoti zako uliandika kwa macho ya nani?"

"Tusifike huko. Mfundishe kidogo tu, kesho anasafiri."

Ummy akaketi mkekani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Vidole laini, kucha safi. Na adabu juu! Angekuwa na kiburi, Josepha angemchukia kwa raha. Wivu ulimpanda. Kwa nini huyu, na si mimi?

Ummy akafungua simuni picha iliyopigwa Mafia wiki iliyopita. "Huyu tunaye kwenye orodha, mama?"

Josepha alimjua papo hapo. Jike aliyepotea miaka mitatu, ambaye mradi mzima uliamini amefia nyavuni. Yu mzima, jamani! Raymundi alikuwa akililia ushahidi wa namna hiyo hiyo, kwamba papa hurudi palepale, ili wakubwa serikalini wasiruhusu tena nyavu katika maji yale. Josepha akatikisa kichwa.

"Hapana. Huyu mgeni kabisa."

"Papa mpya!" Raymundi alipiga makofi. "Na kwetu, anayeleta picha ya papa mpya hupewa heshima ya jina. Huyu ataitwa Ummy!"

Msichana akacheka, akamshika Josepha mkono. "Asante, mama. Bila wewe nisingemjua."

Josepha angesema nini? Kwamba amedanganya? Hata picha za kwenye simu zingekoma.

"Na lile daftari, shangazi," Raymundi alisema akiinuka. "Sasa ni mali ya ofisi."

Josepha aliingia ndani akalitoa, daftari alilochoramo madoa ya papa wote, doa kwa doa. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa wa jike yule aliyemwita mgeni. Raymundi akampa Ummy, naye akalitumbukiza mkobani bila kulifungua.