Mistari ya Mivule ya Mama Léontine

Siku ile mjinga alikuwa Hippolyte. Mwenyewe hakatai, na hata angekataa mashahidi ni wengi, mbuzi wake akiwa wa kwanza.

Mvua ilikuwa imebeba daraja tena, lile la miti kwenye barabara ya Kabambare, na Hippolyte alikwama kando ya mto na pikipiki yake, imejaa sabuni na chumvi ya soko la Kasongo. Jumamosi Serge, prezida wa komite ya kijiji, akapuliza filimbi ya salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake. Desturi ilikuwa kukata parasolie za kando ya mto, miti laini inayokua upesi na kuoza upesi zaidi. Waliilaza juu ya maji, wakapiga makofi, Serge akahutubia kwamba hii ni provizwari tu, ya kungojea daraja la chuma. Masika ikirudi, mto unabeba provizwari pamoja na makofi yake. Safari hii hata parasolie zilikuwa zimekwisha.

"Kwa Mama Léontine iko mivule," akasema Hippolyte. Wazo lilikuwa lake, asitafutwe mwingine.

Nani hakuijua mivule ile? Mama Léontine alikuwa bibi arusi mgeni pale kijijini daraja lilipovunjika chini ya miguu yake, mto ukaondoka na kikapu chake cha mpunga. Tangu hapo, kila daraja likianguka, alipanda mstari mmoja nyuma ya nyumba. Sasa mistari ilisimama mirefu mbele, mifupi nyuma, kama watoto wa shule kwenye foleni. Na kila mara alipita mlango kwa mlango akigawa miche, akiomba kila nyumba nayo ipande. Watu walishukuru, wakaitupa. Hippolyte alimwuliza kama ameagizwa kuunda safina ya Nuhu. Mche aliopewa mwisho aliufungia mbuzi. Mbuzi akaula, kisha akaenda kumalizia mihogo ya jirani.

Basi wakaenda na mapanga, wakiimba. Walimkuta ameinama anachimba mashimo, miche imepangwa pembeni. Daraja limeanguka, kwa hiyo alikuwa na mstari wa kupanda.

Serge alianza kwa upole. Alitaja soko, alitaja wagonjwa, alitaja taifa, kisha akafika kwenye provizwari. Mama Léontine alimwacha amalize. Akajibu kwamba hotuba hiyo aliisikia na mtoto mgongoni, na mtoto huyo leo ni baba wa watu. Mstari wa kwanza bado unene haujatosha. Ukikatwa leo mto utaula kama ulivyokula mingine, na hapo hakutabaki hata cha kungojea. Wagonjwa wavushwe kwa mtumbwi, na yeye mwenyewe atamlisha mpiga kasia kwa mpunga wake. Miti haitoki.

Watu wakaguna. Hippolyte, aliyependa watu wacheke naye kabla hawajamcheka, akatema mate viganjani na kuchagua mvule uliopita yote. Akainua panga. Mama Léontine akaacha jembe, akakaza kikwembe kiunoni, akaja kuegemeza mgongo kwenye shina lilelile.

"Piga."

Kicheko kikamkauka Hippolyte. Panga lile amelishika tangu ujana, lakini halikuwahi kuwa zito namna ile. Akalishusha taratibu.

"Mama, nilikuwa nacheka tu."

"Najua. Unacheka tangu mustari wa pili."

Hapo watu wakacheka, isipokuwa Hippolyte. Serge hakupenda, filimbi ilikuwa bado shingoni na watu wanamwangalia. Akasogea mbele, akauliza kwa sauti ya ofisi:

"Sasa utuambie wewe, Mama. Komite ikate miti gani?"

Mama Léontine alikuwa amekwisha kurudi kwenye shimo lake, anashindilia udongo kuzunguka mche kwa kisigino. Hakuinua hata kichwa.

"Mukate ile mulipanda."