Amani ya Mama Florentine

Miaka ile ya vita, wanaume wa kwaya ya kanisa la Mususa, kule Butembo, walihama mmoja mmoja kwenda porini kwa wapiganaji wa Mayi-Mayi, kupakwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Walivua rozari, wakavaa hirizi. Kwaya ikabaki na Mama Florentine, mwenye sauti nyembamba kama ya mwana-mbuzi, na bibi Séphora, ambaye hasikii. Jumapili waliimba wawili, kila mmoja na wimbo wake.

Sokoni watu walimcheka Florentine. "Mungu yako hazuiyi risasi," walimwambia. Florentine alijibu kwamba hakuanza kusali kwa sababu ya risasi, akaendelea kupima maharagi. Moyoni lakini aliumia, hasa kwa kukosa sauti nzito ya besi ya Ésaïe, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kuimba, naye akaenda porini na wenzake.

Jumapili moja Ésaïe akatokea mlangoni mwa kanisa, majani kichwani na mkuki mkononi, akingoja misa iishe ili awapeleke porini wanaume waliosalia kanisani. Ndipo padri, Père Siméon, akasema, "Mupeane amani," na waumini wakaanza kushikana mikono.

Florentine alimwona, akafurahi, akamwendea mkono mbele.

Ésaïe akarudi nyuma. "Mama, hapana. Dawa inakataza kugusa mwanamuke."

"Lakini ninakuletea amani tu."

"Ukinigusa, risasi itaingia."

"Hapa kanisani nani iko na bunduki?"

Ésaïe akatimua mbio. Florentine akakunja kitenge, akamfuata. Kwake amani ya Kristu si kitu cha kuacha njiani. Walizunguka kanisa mara mbili, waumini wamejaa madirishani, hadi Ésaïe akateleza akatumbukia katika shimo la wafyatua matofali. Tope likamfika kiunoni, kisha kifuani.

Florentine alinyoosha mkono tena. Kijana aliutazama mkono, akalitazama tope, akaushika.

"Amani ya Kristu, mutoto yangu," alisema Florentine, akihema, akimvuta.

Ésaïe aliketi ukingoni, machozi yakimlengalenga. "Dawa imekufa. Sasa nitafanya nini?"

"Utaimba besi. Séphora ameanza wimbo wa Mwanakondoo peke yake, na hatujue atafikia wapi."

Aliimba, tope likimdondoka hadi altareni. Wanaume wengine wa kwaya hawakurudi mwaka ule. Florentine aliwaombea kila mmoja kwa jina lake, na kila ulipokaribia wakati wa kupeana amani, alikuwa anavua viatu kabisa, tayari kukimbia, na kutazama mlango.