Mahindi ya Mbwa

Baada ya mavuno, kila nyumba katika vilima vile vya chai, ukitoka Litein kushuka upande wa mto, hubaki na magunia ya aina mbili. Makubwa ni ya watu, nayo hufungiwa ghalani. Lile dogo huachwa nje chini ya bati, wala halifungwi kwa kamba, maana hakuna mwizi atakayelitaka. Ndani yake mna mahindi ya mbwa. Ni yale yaliyopigwa na mvua yakiwa bado shambani, punje nyeusi, punje za kijani, na nyingine zilizovaa unga mweupe kama mkate uliosahauliwa kabatini. Kutupa chakula ni dhambi, na mbwa, husema wenyeji, ana tumbo la chuma.

Rodah alirithi desturi ya gunia hilo kwa mama yake, na mama yake kwa nyanya. Isitoshe, alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Mahindi ya mbwa aliyaosha mara mbili, akayaanika juani, akayapeleka kusagwa siku yake peke yake, na ugali wake akaupika mpaka ukaiva sawasawa. Ungethubutu kumwambia kwamba anawalisha mbwa wake vibaya, angekutimua na mwiko.

Mbwa wenyewe walikuwa wawili, Bosco na binti yake Popi. Bosco alikuwa wa marehemu Kiplangat, mume wa Rodah. Mwaka wa tatu tangu mazishi, bado alikuwa akisimamisha masikio kila pikipiki ilipopanda kilima, na Rodah, ingawa hangekiri mbele ya mtu, alikuwa akisimamisha ya kwake pamoja naye. Binti yao Cheptoo alikuwa chuoni Kabianga. Alfajiri Rodah akienda kuchuma chai, ni mbwa hao waliomtangulia kwenye umande, na bila wao angekuwa anazungumza na majani.

Ng'ambo ya ua waliishi Phelix na mkewe Dolphine, waliotoka upande wa ziwani. Phelix alifanya kazi katika kiwanda cha chai. Dolphine alichuma chai ya watu kwa kibarua, na siku za soko aliuza omena, dagaa wa ziwani, mjini. Kila soko lilipokwisha, zile omena zilizovunjikavunjika alizitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia akampa Rodah. "Za Bosco," alikuwa akisema. Rodah naye hakuwahi kuurudisha mkebe ule mtupu, kwani kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenye nacho kwamba undugu umeishia hapo. Mara aliujaza maharagwe, mara viazi. Mwezi wa kumi, Dolphine alipoangulisha vifaranga, Rodah aliujaza mahindi ya kuku kutoka gunia lile dogo, maana mahindi ya kuku na ya mbwa, kwa hesabu ya kule, ni kitu kimoja.

Mwezi wa kumi na moja Bosco alikataa chakula. Siku ya pili alitapika, na siku ya tatu akafa chini ya kiti cha Kiplangat. Rodah alipoinama kupangusa, aliona omena kwenye matapishi. Hapo hapo akakumbuka kwamba wiki chache nyuma Bosco alikuwa amemkamata kuku wa jirani, na Phelix akasema kwa hasira, "Hiyo mbwa iko siku nitaimaliza." Kuku alilipwa kwa kuku na maneno yakaisha, lakini mwenye uchungu hakosi ushahidi.

Laiti angelilia nyumbani kwake. Alikwenda na machozi yake mpaka senta ya chai, mahali wakulima wanapopanga foleni na vikapu wakingoja kupimiwa, akasema mbele ya watu wasiopungua thelathini, "Kuna mtu ametoka ziwani na samaki yake akaniulia mbwa! Leo ni mbwa, kesho ni nani?" Dolphine ndiyo kwanza alikuwa anafika, kikapu mgongoni. Alisimama. Alifungua mdomo, akaufunga, akageuka na kikapu chake akarudi alikotoka. Waliokuwepo walitazamana, na wengine wakatikisa vichwa kwa namna ya kukubali. Hilo la kukubali ndilo baya zaidi.

Tangu siku hiyo hakuna salamu iliyovuka ua. Mkebe wa mwisho wa Dolphine ulibaki kwa Rodah, umefunikwa kifudifudi nyuma ya mlango. Kuurudisha mtupu kulikuwa ni matusi, kuujaza kulikuwa ni kuomba msamaha, na Rodah hakuona la kuombea msamaha.

Kisha mwezi wa kwanza, Popi naye akakataa chakula.

Safari hii Rodah hakungoja siku ya tatu. Alimpigia simu Nicholas, daktari wa mifugo, ambaye kule huitwa kwa ajili ya ng'ombe, na aliposikia ni mbwa aliuliza mara mbili. Alifika kabla ya saa sita, akapiga magoti kwenye nyasi, akaufunua mdomo wa Popi. Fizi zilikuwa za manjano.

"Huyu amekula nini, mama?"

"Chakula tu. Ugali. Nicholas, hii ni sumu. Wale watu wamerudia tena." Alielekeza midomo ng'ambo ya ua.

"Tangu ile ya Bosco, Popi amekula kitu ya kutoka kwao?"

"Hata mfupa! Mimi nilikataa vitu zao zote. Hii miezi mbili anakula ya hapa kwangu tu, napika na mkono yangu..."

Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfikia masikioni, na hayakumpendeza. Nicholas alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Hebu nionyeshe hiyo unga," alisema baadaye.

Rodah alileta unga, kisha, alipoombwa, akalikokota na gunia lenyewe. Nicholas alichukua punje moja, akaivunja kwa kucha, akainusa, akampa naye anuse. Harufu ilikuwa ile ile ya kila mwaka, harufu ya stoo yenye unyevu, ambayo Rodah aliijua tangu utotoni na hakuwahi kuiuliza swali.

"Hii kuvu iko na sumu yake. Inakula maini polepole. Wiki zinapita, mbwa anatembea, anabweka, halafu siku moja anaanguka na watu wanatafuta mchawi."

"Lakini naosha! Napika mpaka inaiva!"

"Ukipika, kuvu inakufa. Ile sumu yenyewe haifi, mama, hata ukichemsha mpaka kesho."

Alimtundikia Popi dripu kwenye tawi la mti wa parachichi, akamdunga sindano mbili, akasema wiki moja ndiyo itakayoamua. Rodah alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Aliuliza atampa nini sasa. Vile vyakula vya mbwa vya mifuko alikuwa ameviona dukani Litein, na bei yake ilimfanya acheke kwa sauti mbele ya muuzaji.

"Nani amekwambia ununue ya mfuko?" Nicholas alisema. "Hii wiki mpe uji laini na yai. Akipona, chukua unga ile unakula wewe mwenyewe, pika ugali kidogo. Tia omena, lakini uoshe kwanza mchanga itoke. Ukikosa omena, tia matumbo. Hata malenge anakula. Kitunguu usiweke, na mifupa ya kuku usimpe. Kitu wewe huwezi kuweka kwa sahani yako, usiweke kwa yake. Ni hiyo tu."

Neno omena lilibaki hewani muda mrefu baada ya pikipiki ya daktari kushuka kilima. Popi hakusimamisha masikio.

Alasiri ile Rodah alichimba shimo nyuma ya migomba akalizika gunia lote. Alichimba kwa hasira, na kwa mara ya kwanza hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumwendea ila yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akiwaambia akina mama wenzake kanisani, wala haikumpitia akilini kwamba nguo yenyewe huenda ni yake. Bosco alikuwa amekufa kwa ugali wake, ule uliooshwa mara mbili. Alikuwa akifukia alipokumbuka kwamba gunia lile lilikuwa limepungua mkebe mmoja, ule wa vifaranga wa Dolphine, kabla hata hajaanza kulisaga. Jembe lilisimama. Alisema, "Weuu," taratibu, akakaa kwenye ukingo wa shimo.

Asubuhi alimimina mahindi ya watu kwenye ungo, akayachagua punje moja moja kama mwenye kuchagua mbegu. Iliyokuwa na doa aliitupa, hata iliyovunjika tu aliitupa. Aliyapima kwa macho mpaka yakatosha, akaujaza mkebe, akavuka ua.

Dolphine alikuwa anafua. Hakusimama, lakini alimvutia kigoda kwa mguu, na Rodah hakukikalia.

"Mama Seth," Rodah alisema. Seth alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile. "Nimeleta mkebe yako."

Dolphine alijipangusa mikono kwenye leso, akaupokea. Akautazama mkebe, akamtazama mwenye kuuleta. Kisha akachukua punje moja, akaivunja kwa kucha, akainusa.

Rodah alihisi uso wake ukiwaka moto. Hakuna mtu anayenusa zawadi mbele ya mletaji, isipokuwa yule ambaye zawadi ya jana ilimfundisha.

"Ulijua," alisema.

"Vifaranga kumi na tatu," Dolphine alisema. "Wote, yawa. Kuku mama alikataa hiyo mahindi, akabaki. Nikawazika pale nyuma ya choo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia!" Sauti ya Dolphine ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ile siku nilibeba kikapu haraka haraka nikupate senta, nikwambie usipatie Popi hiyo kitu, na Bosco usimpe, sikujua hata amekufa. Nakufikia, nasikia ni mimi nimemuua. Mbele ya watu. Mimi na ziwa yangu. Ningesema nini sasa? Ningesema ni mahindi yako, wangesema huyo anajitetea."

Rodah alishika nguzo ya kamba ya nguo. Alikuwa ameomba kwa miezi miwili Mungu amfichue aliyemuua Bosco, na kumbe habari ilikuwa imepanda kilima ikiwa kwenye mdomo wa mtu, yeye mwenyewe akaizima. Popi angekuwa mzima. Alilia bila kujificha. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha Kiswahili kikamwishia akaendelea kwa Kipsigis, na Dolphine, ambaye hakuelewa hata nusu, alimngoja mpaka akamaliza.

"Phelix alitaka kuja kwako na hao vifaranga kwa beseni," Dolphine alisema. "Nikamwambia hapana. Mtu hawezi kuua kuku ya jirani na mahindi ameleta na mikono mbili. Hakujua tu. Mimi hiyo nimeshasamehe, Mama Cheptoo. Ya vifaranga. Lakini ile ya senta haukusema hapa kwangu. Ulisema senta. Enda useme huko huko."

Akarudi kwenye nguo zake.

Maji yakimwagika hayazoleki, na Rodah alilijua hilo alipokuwa amesimama kwenye foleni jioni ile, kikapu mgongoni. Karani alikuwa bado anafunga mzani. Watu walikuwa wale wale, na nyuma kabisa, kwenye mstari wa vibarua, alikuwepo Dolphine, macho yake ardhini. Kusema uongo mbele ya watu thelathini kulikuwa kumemtoka Rodah bila jasho. Ukweli ulimtaka kwanza atue kikapu.

"Ngojeni kidogo," alisema, na kwa kuwa sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mimi nilisimama hapa nikasema mtu wa ziwa ameniulia mbwa. Haikuwa yeye. Ni mimi. Niliwapikia mahindi ya kuoza, yale ya gunia ya nje. Bosco alikufa nayo, na Popi iko karibu. Hata vifaranga ya Mama Seth nimeua, kumi na tatu, na yeye akanyamaza miezi yote hiyo. Nilimkosea. Nilikosea hata watu wa kwao, vile mlinisikia nikitaja ziwa. Ndiyo hiyo."

Alitarajia kicheko. Hakikuja. Mzee Mageto, aliyekuwa mbele yake, alivua kofia akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekiweka humo. Priscah wa pale juu, mwenye mdomo kuliko wote, aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Hiyo gunia ya nje, ile ya kila mtu?"

"Hiyo hiyo," Rodah alisema. "Mwageni. Zikeni chini. Ukiosha haitoki, ukipika haitoki."

Mama mmoja alitoka kwenye foleni, akakiacha kikapu chake cha chai pale pale, akashika njia ya nyumbani karibu akimbie. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Waliotikisa vichwa ule mwezi wa kumi na moja sasa walikuwa wakiyatazama majani ya chai kwenye vikapu vyao, na vichwa vilikuwa vimetulia.

Foleni ilianza kusogea. Rodah alipopimiwa akageuka aondoke, ilimlazimu kupita kando ya mstari wa vibarua. Alipita akiinamisha kichwa, hakutaka kudai jibu.

"Popi amekula leo?" Dolphine aliuliza.

"Amelamba uji. Kidogo tu."

"Akianza kutafuna, pitia uchukue mkebe," Dolphine alisema, akisogeza kikapu chake mbele kwa goti. "Nimeshaosha omena."