Jina la Baba Sarmila

Pabitra alitoka kwenye chumba cha usaili wa uraia akiwa ameuma ncha ya shali yake, nami nikajua mambo yameharibika.

"Umekosea swali gani?" nilimuuliza.

"Sikukosea. Nilinyamaza."

Mke wangu, kunyamaza! Miaka miwili tumesoma Kiingereza jikoni kwetu Akron, Marekani, mimi niliyekwisha kupata uraia ndiye mwalimu, yeye akimenya vitunguu saumu. Waamuzi tisa, maseneta mia, mito miwili mirefu, yote anayo kichwani. Ofisa wala hakufika huko. Alianza na fomu: mumeo anaitwa nani? Kwetu mke halitamki jina la mume. Akilitamka, anampunguzia maisha. Kwa miaka arobaini na mmoja mimi ni Baba Sarmila, basi. Aliomba kalamu aandike, akaambiwa ajibu kwa mdomo. Hakujibu, na ofisa akaandika kwamba Kiingereza hajui.

"Ujinga gani huu?" nilifoka garini. "Bhutan walitufukuza, kambini tumeozea miaka kumi na minane, leo unapewa nchi, unashindwa kusema Khem?"

"Si umeshalisema mwenyewe? Ungeingia wewe."

"Na dada yako je?"

Dada yake alibaki kambini Nepal, ini limeharibika, na bila pasipoti Pabitra hawezi kwenda kumwona. Ilibaki nafasi moja tu ya kurudia. Akishindwa, ombi zima linaanza upya, na mgonjwa hana muda huo.

Siku sitini nilimkalia kooni. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamletea hata kuhani wa hekalu letu amweleze kwamba miungu inaelewa shida za huku Marekani.

"Miungu inaelewa," Pabitra alimjibu, "lakini mjane atakuwa nani, wewe?"

Kuhani akamaliza chai yake, akaaga. Mimi nilikasirika hadi nikala peke yangu siku mbili. Ningemfanyaje? Mtu akikukosea kwa chuki utagombana naye yakaisha. Huyu alikuwa ananikwamisha kwa sababu ananitaka hai, na hilo liliniudhi zaidi.

Siku ya marudio, kwenye ofisi ileile ya Cleveland, alikaa ndani dakika ishirini na tano. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi.

"Wamenipitisha," alisema.

"Umelitamka?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza sauti haikutoka."

Nilicheka kwa nguvu mpaka mlinzi akageuka. Alhamdulillahi, wangesema majirani zetu Waislamu; mimi nilisema tukale momo, sambusa zetu za mvuke, tumpigie dada simu. Pabitra hakucheka. Tulipoingia garini, alinishika mkono wa kulia, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, chini ya kiganja, akatulia kama anayesikiliza.

"Mama Sarmila, unafanya nini?"

"Endesha taratibu."

Niliendesha kwa mkono mmoja mpaka Akron.