Kikumbusho Namba Tano

Kila Ijumaa saa nne asubuhi naandika barua inayokwenda nyumbani na watoto mia tatu na kumi na wawili, na kila Jumatatu wazazi wa watoto hao hao wananijia dirishani kuniuliza mambo niliyoyaandika. "Eti shule inafungwa lini?" Imeandikwa. "Eti nguo za michezo ni siku gani?" Imeandikwa, tena kwa wino mzito, tena nimepiga mstari chini. Mimi ni karani wa shule ya msingi, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kama kuna mtu anadhani kazi hii haipandishi presha, aje akalie kiti changu wiki moja tu.

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Juu kuna habari za wiki: nani kashinda mbio za magunia, darasa gani limepanda maua na darasa gani limeyakanyaga. Chini kuna vikumbusho, vyote vina namba, maana mzazi usipompa namba anadhani unapiga soga. Naichapa, natoa nakala, naikunja mara mbili, na safari yake yote naijua. Nyingine zinageuzwa boti kwenye mtaro kabla hazijafika getini. Nyingine nimezikuta dukani zimefungiwa misumari. Mwalimu mkuu alishanishauri niache kujichosha. Nilimwambia siachi, hata akisoma mtu mmoja.

Mtu mmoja huyo alitokea Jumatatu moja, tepu shingoni, sindano imechomekwa kwenye kola. Ni fundi cherehani, duka lake liko nyuma ya shule, na nusu ya sare za watoto wetu zimepita mikononi mwake. Binti yake yuko Darasa la Tatu. Tunamwita Redio, kwa sababu tangu aandikishwe hatujaona pa kumzimia.

"Habari za kazi, mwalimu," alisema. Mimi si mwalimu, lakini shuleni hata mlinzi anaitwa mwalimu, nimeshazoea. "Nimekuja kushukuru, halafu nina swali."

Kushukuru! Nilivuta kiti karibu na dirisha.

"Hii barua yenu inanisaidia sana kulea," alisema, akaitoa kwenye mfuko wa shati. "Unajua tuko wawili tu, mimi na yeye, tangu mama yake afariki. Kuna mambo mengine mwanamume peke yako huyajui. Kama lile la vyombo."

"Lipi hilo?"

"Si mlisema watoto wa Darasa la Tatu wasioshe vyombo siku za wiki, vidole vinakakamaa, mwandiko unaharibika? Siku hizi naosha mwenyewe. Na lile la Jumamosi, mtoto asiamshwe kabla ya saa tatu. Na paka nimeshampata, mwalimu, ingawa anakojolea vitambaa vya wateja."

"Paka?"

"Si mliandika kila nyumba yenye mtoto mmoja iwe na paka, ajifunze kutunza kiumbe?"

Miaka kumi na moja sijawahi kuandika neno paka. Huku nyuma mashine ya nakala ilikuwa inanguruma, nikajifanya naisikiliza.

"Sasa swali," fundi aliendelea. Aliikunjua barua kwenye kizingiti cha dirisha, akaweka kidole chini ya mstari. "Hapa, namba tano. Tarehe 14, saa 3:00. Mnapuliza dawa ya mende, mzazi yeyote asisogee hata getini. Sawa, siji, nimeelewa. Lakini watoto mnawaweka wapi? Namuuliza binti yangu, anasema imeishia hapo hapo."

Niligeuza karatasi upande wangu ingawa naijua kwa moyo. Namba tano ilisema hivi: *Siku ya Mzazi Kusoma. Tarehe 14, saa 3:00 asubuhi, mzazi au mlezi wa kila mtoto wa Darasa la Tatu afike darasani awasomee watoto ukurasa mmoja wa kitabu. Hakuna udhuru.*

Hilo la hakuna udhuru niliongeza mimi. Mwalimu mkuu hakuniambia. Nililiongeza kwa hasira, asubuhi ambayo wazazi wanane walikuwa wameniuliza tarehe ya kufunga shule.

"Umeisoma mwenyewe, fundi?" nilimuuliza kabla sijafikiri.

"Namba nasoma mwenyewe," alijibu haraka. "Hayo mengine ananisomea mtoto. Macho yangu na herufi ndogo hayapatani."

Nilitazama ile sindano kwenye kola yake. Ilikuwa imetungwa uzi mweusi mwembamba kama unywele. Mwenye macho mabovu hatungi uzi ule. Nikasema nitafuatilia suala la dawa, watoto watakuwa salama, asiwe na wasiwasi. Alinishukuru mara mbili, akaikunja barua, akaenda zake.

Wakati wa mapumziko nilimtuma kiranja amlete Redio.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mende wa shule hii wanakusalimu."

Alinyamaza. Hiyo pekee ilistahili kuingia kwenye habari za wiki.

"Vyombo nimekuelewa," nilimwambia. "Jumamosi pia nimekuelewa, hata mimi ningejaribu. Paka ni tamaa. Lakini mende?"

Alitazama ncha za viatu vyake. "Vyombo nilitunga kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nikaona baba amekubali, nikaendelea. Mende ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Baba hajui kusoma," alisema, taratibu, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa. "Yeye anasema ni macho. Mimi najua, ila hajui kama najua. Akija atapewa kitabu, watamcheka, mimi nitapigana, halafu mtaniambia nije na mzazi." Akainua uso. "Na wewe umeandika hakuna udhuru. Mimi ningefanyaje?"

Iliniuma, sitaki kusema uongo. Miaka yote hiyo nagombana na watu wasiosoma barua yangu, na haikunijia hata siku moja kwamba kati yao yuko mtu anayeitunza mfukoni, anayefanya kila inachosema, hata kuokota paka, na ambaye hawezi kuisoma.

"Sikiliza," nilimwambia. "Leo jioni utamsomea namba tano kama ilivyo."

"Hapana."

"Neno kwa neno."

"Hapana, mwalimu. Ataaibika."

"Unamfichia aibu, na unamfichia siku yake pia. Tarehe 14 kila mtoto atakuwa na mtu wake mbele ya darasa. Wewe utakuwa na nani? Mende?"

Alitaka kucheka, akaishia kulia. Nikampa leso kutoka sanduku la vitu vilivyookotwa, leso niliyoitangaza kwenye barua mara tatu bila mwenyewe kujitokeza.

"Akisema hawezi?" aliuliza kutoka ndani ya leso.

"Atasema mwenyewe. Wewe kazi yako ni kumsomea, siyo kumjibia."

Alitoka bila kuniahidi kitu. Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kukosea hovyo. Nilihesabu chaki mara tatu nikapata majibu matatu. Nilikuwa najiuliza kama nimemtendea mema yule mwanamume, au nimempangia tu tarehe na saa ya kuchekwa.

Tarehe 14 ikafika. Tangu saa tatu kasorobo wazazi walikuwa wanaingia, hata wale wa boti na misumari, nikashangaa. Saa tatu kamili fundi hakuwepo. Saa tatu na dakika kumi hakuwepo. Nilianza kuandika kichwani barua ya kumwomba Redio msamaha. Ndipo akaingia getini, amevaa koti la kijivu alilojishonea mwenyewe, limemkaa vizuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alitoka ofisini mbiombio akidhani ni mkaguzi.

Alipita dirishani kwangu bila kusimama. "Mende wako wapi, mwalimu?" alisema, na uso wake haukuniambia kama amekasirika au la.

Nilichukua boksi la chaki ambalo hakuna aliyeliomba, nikamfuata.

Darasa la Tatu lilikuwa limejaa hadi dirishani. Daktari mmoja alikuwa ameshasoma ukurasa wake kwa sauti ile ile ya mara tatu kwa siku baada ya chakula. Dereva wa lori alisoma kwa mwendo wake wa kazini, akamaliza kabla watoto hawajatulia. Kisha mwalimu wa darasa akaita baba yake Redio, akampa kitabu kimefunguliwa.

Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda. Redio alikuwa mstari wa tatu, mikono juu ya dawati, amekunja ngumi zote mbili. Mimi nilisimama mlangoni na boksi langu. Nilitamani paa lianguke, kidogo tu, bila kuumiza mtu.

Fundi akakifunga kitabu, kidole kikabaki ndani kushikilia ukurasa.

"Hamjambo, watoto. Mimi kusoma sijui."

Kijana mmoja wa nyuma akaangua kicheko. Redio alikuwa ameshanyanyuka nusu.

"Kaa, mama," baba yake alimwambia. Akamgeukia yule kijana bila hasira. "Cheka tu, mwanangu. Lakini hiyo kaptura nimeshona mimi, na ilipopasuka napajua."

Darasa zima lilicheka, na kijana akashika kaptura yake kwa nyuma akacheka naye.

"Mimi sikupelekwa shule," fundi aliendelea. "Kwa muda mrefu nasema ni macho. Macho yangu mazima. Jumatatu iliyopita binti yangu alichukua barua ya shule akanisomea upya. Alipofika namba tano akaanza kulia, lakini akaisoma mpaka mwisho. Nikamuuliza unalia nini. Akasema, baba, hii ndiyo ya kweli." Alimtazama binti yake. "Kwa hiyo jioni ile nilijua mambo mawili. Kwamba naitwa shuleni, na kwamba vyombo ni zamu yake."

Walicheka tena, wazazi safari hii zaidi ya watoto. Dereva wa lori alijipiga paja.

"Nyumbani kila Ijumaa mimi nakaa, yeye anasoma," alisema. "Leo tufanye hivyo hivyo."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika karibu na kidevu, akamnyooshea binti yake kitabu. Redio alikuja mbele akifuta pua kwa mkono wa sweta. Alianza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, yenye kutetemeka, kisha ikapanda. Ilikuwa hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya jirani. Hakuongeza neno, hakupunguza neno. Baba yake alifumba macho akasikiliza, na mbuzi alipotema utepe wa kofia, yeye alicheka peke yake, kwa nguvu, kabla ya watu wote. Wazazi wengine walikuwa wameshughulika na kurasa zao; yeye alikuwa amekuja kusikia hadithi.

Ijumaa ile nilipochapa barua niliweka habari hiyo juu kabisa: kwamba Siku ya Mzazi Kusoma ilifana, na kwamba msomaji aliyetuliza darasa zima ni mwanafunzi fulani, nikaandika jina lake la daftarini. Kwenye vikumbusho sikuandika hakuna udhuru popote. Nilijaribu mara moja, mkono ukakataa.

Jumatatu fundi alikuwa wa kwanza dirishani.

"Binti yangu anasema jina lake limo humu," alisema, akaikunjua barua. "Ila siku hizi simwamini moja kwa moja. Liko wapi?"

Nilimwonyesha. Aliweka kidole gumba juu yake, na jina lote likapotelea chini ya kidole. Akakiinua, akatazama, akakiweka tena.

"Fupi hivi?"

"Ndiyo hilo lote, fundi."

"Nilimpa mimi jina hili," alisema. "Naliita kutwa, mtaa mzima unalisikia. Nilidhani litajaza mstari."

Nililia pale pale, mbele ya mama mmoja aliyekuwa amepanga foleni kuniuliza shule inafungwa lini. Fundi alisubiri nimalize, mstaarabu kama alivyo, kisha akaniomba nimwandikie lile jina kubwa, kwenye karatasi safi. Nikaliandika kwa kalamu ya wino mzito. Hakuikunja karatasi ile. Aliibeba wazi kwa mikono miwili hadi getini.

Jumatano Redio alikuja na sweta lenye jina kifuani, uzi mwekundu, kila herufi pana kama kifuniko cha chupa. Kazi ilikuwa safi, mshono mdogo mdogo uliosimama sawa, isipokuwa herufi ya pili ilikuwa imetazama nyuma. Mwalimu wa darasa aliinama, akaisogelea kwa miwani yake, akasema baba aambiwe aifumue aishone upya.

Redio akaifunika kwa kiganja.

"Baba anajua, nilimwambia," alisema. "Amesema asiiguse mtu. Ataigeuza mwenyewe, akishajifunza inaitwaje."